Kicho kinataka kipimo: namna ya kukitazama kitu kikubwa ukauona ukubwa wake

Ukiingia Basilika ya Mtakatifu Petro kule Vatikani, utaona malaika watoto wa marumaru wameshika chombo cha maji ya baraka. Kwa mbali wana kimo cha mtoto anayejifunza kutembea. Wasogelee. Wana karibu mita mbili, na wewe mtu mzima unawatazama kwa kuinua kidevu. Hapo ndipo jengo zima linapoanza kukua mbele ya macho yako: kama kitoto kina kimo hiki, je, ile nguzo? Na lile kuba? Kila kitu mle ndani kimekuzwa kwa uwiano mmoja, kwa hiyo jicho halikuwa na pa kushikia. Wageni wengi hawawasogelei wale malaika, na hutoka wakisema ni kanisa zuri.

Ukubwa haujitangazi. Unataka kipimo, na kipimo kinachofanya kazi ni mwili wako mwenyewe: hatua zako, pumzi zako, usiku wako mmoja wa kukesha. Takwimu peke yake hazitoshi, maana akili inazipokea kama inavyopokea namba ya simu.

Tukisema kicho tunamaanisha hali iliyo kati ya mshangao, heshima na hofu kidogo: vinyweleo vinasimama, maneno yanakauka, unajiona mdogo lakini hudhaliliki. Mwaka 2003 wanasaikolojia Dacher Keltner na Jonathan Haidt walieleza kwamba hali hii ina nguzo mbili: kuna kitu kinachoonekana kikubwa kuliko mtu, na akili inalazimika kujipanga upya ili kikae ndani yake. Maandalizi yote yanayofuata yanahudumia nguzo hizo. Ama yanaufanya ukubwa uonekane, ama yanaizuia akili isiwahi kusema "aa, hiki nakijua".

Anza na watu, maana hawataki nauli

Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Haikuandikwa kama rekodi rasmi, kwa sababu wakimbiaji wa kumkinga upepo walikuwa wakipokezana, lakini miguu ilikuwa yake. Ukiisoma habari hiyo umeketi, utasema "hongera" na kuendelea na shughuli zako. Sasa ipime.

Tafuta mahali tambarare, pima mita 100 kwa futi kamba au tumia uwanja wenye mistari. Pasha mwili moto dakika kumi. Mpe mtu saa, kisha ukimbie mita hizo kwa sekunde 17. Watu wengi wenye afya wanaiweza hiyo ya kwanza, na ndiyo maana haifundishi kitu. Usisimame. Unganisha ya pili, ya tatu na ya nne, kila moja kwa sekunde 17, yaani mita 400 kwa sekunde 68. Ukifika hapo, huku umeshika magoti, kumbuka kwamba yeye aliunganisha vipande 422 vya mita 100 kama hivyo. Kosa la kawaida ni kutoka kwa kasi, ukamaliza mita 100 za mwanzo kwa sekunde 14 na kujiona bingwa. Lenga 17 ileile, si chini si juu. Mwenye tatizo la moyo au magoti asikimbie. Apande baiskeli mahali tambarare, aishike kasi ya kilomita 21 kwa saa, na akumbuke kwamba Kipchoge aliishika kwa miguu yake ya kibinadamu, bila baiskeli, kwa saa mbili kasoro kidogo.

Namna hiyohiyo inafaa kwa ujasiri usioonekana kwa macho. Nelson Mandela alifungwa miaka 27, na 18 kati yake aliikaa Robben Island, katika chumba ambacho angekimaliza kwa hatua tatu. Chukua chaki, chora sakafuni mstari wa hatua tatu kwa urefu, na upana unaokutosha kulala bila kujitanua. Keti humo saa moja. Simu ibaki nje ya mstari, kitabu pia. Dakika kumi za mwanzo ni mchezo. Kuanzia ya ishirini utaanza kuhesabu mabaka ya ukutani. Wanaofanya zoezi hili na mtu wa pili chumbani hawapati kitu, kwa sababu wanaishia kupiga soga.

Lakini usidhani kicho ni cha mashujaa wenye sanamu. Keltner na wenzake walipokusanya masimulizi kutoka nchi 26, kilichotajwa mara nyingi kuliko milima na muziki kilikuwa wema na ujasiri wa watu wengine. Chukua mtu anayemuuguza mzazi aliyepooza. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi ili ngozi isioze kwa kulaliwa. Hiyo ni mara 12 kwa siku, mchana na usiku. Kwa mwaka ni mara 4,380. Weka kengele ya simu ilie kila saa mbili kwa usiku mmoja tu. Ikilia, inuka, simama kando ya kitanda, igeuze godoro au mzigo wenye uzito wa maana, kisha lala tena. Asubuhi nenda kamsalimie mtu unayejua anaifanya kazi hiyo kweli. Hutahitaji hotuba.

Mahali: tafuta tembo, kisha shusha darubini

Ukisimama kwenye ukingo wa Ngorongoro, chini yako kuna shimo la kina cha mita 600 hivi na eneo la karibu kilomita za mraba 260. Hewa ikiwa safi, ukuta wa pili unaonekana uko jirani, na bonde linaonekana kama uwanja mpana. Jicho linadanganywa kwa sababu halina kitu lijualo kimo chake. Dawa ni hii: chukua darubini, mtafute tembo mmoja kule chini, mkazie mpaka umwone anavyopunga masikio. Sasa shusha darubini bila kuhamisha macho. Pale alipokuwa tembo pana kitone, au hapana kitu kabisa. Rudia mara tatu. Ni katika ile sekunde ya kushusha darubini ndipo bonde linapofunguka. Kama umefika asubuhi ukakuta ukungu umelifunika shimo, usiondoke. Mara nyingi huinuka jua likipanda.

Jengo nalo lina tembo wake: mtu aliyesimama chini ya ukuta, kitasa cha mlango, tofali moja. Chagua kitu kimoja unachojua kimo chake na uhesabu kingepangwa mara ngapi hadi juu. Usikisie, hesabu kweli, kwa kidole hewani. Katika Pantheon ya Roma, kuba lina kipenyo cha mita 43.3, na kutoka sakafuni hadi juu ni mita hizohizo, kwa hiyo mpira mkubwa ungeenea humo ukigusa sakafu na dari. Ni zege tupu lisilo na vyuma, na bado ndilo kuba kubwa kuliko yote ya aina hiyo duniani baada ya miaka 1,900 hivi. Juu kuna tundu lililo wazi, mvua inaingia na kutokea kwenye vitundu vya sakafuni. Jua likiwaka, tafuta lile duara la mwanga ukutani, weka alama kwa macho kwenye ukingo wake, ukae robo saa. Litakuwa limesogea mita mbili na zaidi. Hapo unaiona Dunia ikizunguka, na umeketi.

Maporomoko yanataka kalenda kuliko yanavyotaka moyo. Mosi-oa-Tunya, au Victoria Falls, yana upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108. Watu hukimbilia mwezi wa Aprili maji yanapojaa, wakafika na kukuta rasharasha nene kiasi cha kutouona ukuta wenyewe. Wanalowa, wanasikia ngurumo, basi. Oktoba na Novemba maji hupungua, na sehemu ya upande wa Zambia inaweza kubaki mwamba mkavu. Kati ya Juni na Agosti unapata vyote viwili, maji na sura. Anayetaka kutetemeshwa kifua aende Aprili, ila ajue anakwenda kusikiliza, si kutazama.

Siku moja isibebe maajabu zaidi ya mawili. La tatu hulioni, unalihakiki tu.

Anga la usiku

Hili ndilo somo lililo tajiri kuliko yote, halina kiingilio, na ndilo linaloharibiwa zaidi na haraka. Mtu anatoka kwenye nyumba yenye taa, anainua kichwa dakika mbili, anaona nyota arobaini, anarudi ndani. Hakuna aliyemwambia kwamba macho yake bado yalikuwa mchana.

Chembe za jicho zinazoona gizani hujijenga polepole. Baada ya dakika kumi umeanza kuona; baada ya dakika 20 hadi 30 uko karibu na uwezo wako wote. Mwanga mmoja wa skrini ya simu unakurudisha mwanzo. Kwa hiyo:

Chagua usiku ulio karibu na mwezi mwandamo, siku nne au tano kabla au baada. Mwezi mpevu hufuta nyota kama taa ya barabarani. Ondoka mjini kiasi kwamba mwangaza wa taa uwe upande mmoja tu wa upeo, uupe mgongo. Beba mkeka ulale chali. Anayesimama hukata tamaa kwa sababu ya shingo, si kwa sababu ya anga. Vaa nguo nzito kuliko unavyodhani, maana mtu aliyelala bila kusogea hupoa upesi. Tochi ifunikwe kwa karatasi nyekundu au kitambaa chekundu mara mbili, kwa kuwa mwanga mwekundu hafifu hauziathiri sana zile chembe. Kisha kaa dakika 30 kamili bila simu.

Kitu hafifu usikikazie macho. Tazama pembeni yake kidogo nacho kitatokea, kwa sababu kitovu cha jicho hakina chembe za gizani. Kwa namna hii, palipo na giza la kweli, unaweza kuiona galaksi ya Andromeda kwa macho matupu: doa la ukungu lisilo na makali. Mwanga huo ulianza safari miaka milioni 2.5 hivi iliyopita.

Namba hiyo haitakuingia mpaka uipime, na kipimo chake hufanywa mchana. Chukua mpira wa miguu, uweke chini. Hilo ndilo Jua. Piga hatua 24 za mita moja moja, chomeka pini ardhini. Kichwa cha pini, milimita 2, ndiyo Dunia, na kila mtu unayemjua yumo humo. Mwezi ni chembe ya nusu milimita, sentimita 6 kando yake. Huo ndio umbali wote ambao binadamu amewahi kwenda. Sayari ya Neptuni iko mita 710 kutoka kwenye mpira. Na nyota ya jirani? Kilomita 6,350 hivi, karibu sawa na kutoboa ardhi kutoka hapo uliposimama hadi kitovu cha Dunia halisi. Katika kipimo hiki mwanga wenyewe unatambaa: hutumia dakika nane na sekunde ishirini kumaliza zile hatua zako 24, polepole kuliko mtoto anayetambaa. Tembea mwendo huo, sentimita tano kwa sekunde, angalau dakika moja. Halafu usiku ulale chali.

Kuanzia Juni hadi Agosti, saa za jioni, tazama karibu na kundinyota la Nge. Hapo Njia Nyeupe ni nene kuliko kwingine, kwa sababu unatazama kuelekea kitovu cha galaksi yetu. Ile michirizi myeusi katikati yake si uwazi. Ni vumbi linaloziba nyota zilizo nyuma.

Kupatwa kwa Jua kikamilifu ni jambo la peke yake. Tarehe 2 Agosti 2027 kivuli kitapita kusini mwa Hispania, kaskazini mwa Afrika, Saudi Arabia, Yemen hadi Somalia, na karibu na Luxor, Misri, giza litadumu zaidi ya dakika sita. Kosa linalowagharimu wengi ni kubaki nje ya njia ya kivuli wakiambiwa "hapa litafunikwa asilimia 99". Asilimia moja ya Jua inatosha kuliangaza anga na kulificha taji lake lote, yaani ule mwanga hafifu unaolizunguka. Ingia ndani ya njia, hata kama ni kwa kilomita chache. Miwani maalumu ya kutazamia Jua iwe na alama ya usalama ya ISO 12312-2, isiwe na mkwaruzo, uivae muda wote ambao hata ukucha wa Jua unaonekana; uivue tu likifunikwa lote, uivae tena punde mwanga wa kwanza unapochomoza. Kamera achia wengine.

Maonyesho: lifanye mwenyewe kwa dakika moja

Fundi akiwa fundi kweli, kazi yake huonekana rahisi, na urahisi huo ndio unaokuibia kicho. Jaribu hili kabla ya kwenda kuwatazama wapiga ngoma. Hesabu moja hadi sita polepole, sekunde moja kwa kila namba, ukirudia bila kusita. Mkono wa kulia upige paja kwenye moja, tatu na tano. Wa kushoto upige kwenye moja na nne. Mikono inakutana kwenye moja tu. Kinachotokea ni kwamba kushoto kunavutwa kwenye tatu au tano, kwa kuwa mkono unapenda kumfuata mwenzake. Ukikwama, anza na kushoto peke yake mizunguko kumi ukihesabu kwa sauti, kisha karibisha kulia. Ukishaweza, acha kuhesabu na useme jina lako na la mama yako bila mikono kupotea. Sasa nenda kamwone mpiga ngoma anayelifanya hilo kwa kasi mara tano huku akimtazama mcheza ngoma na kumjibu miguu yake.

Kwa mwimbaji wa opera, jua kwamba anaimba bila kipaza sauti juu ya okestra ya watu themanini, na hapigi kelele. Koo lililofunzwa hukusanya nguvu ya sauti karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra ina nguvu kidogo. Anapenya pale palipo wazi. Washa redio kwa sauti ya juu, msimamishe mtu mita 20 mbali, umsomee sentensi bila kupayuka. Na hao wapigaji wa okestra, waliotapakaa mita 20 jukwaani, sauti ya mmoja inamfikia wa upande wa pili ikiwa imechelewa karibu sehemu sita za mia za sekunde. Wangefuata masikio pekee wangeachana. Ndiyo maana utaona macho yao yanaruka kwenye fimbo ya kiongozi.

Kwa mara ya kwanza keti unapoweza kuona mikono na pumzi. Raha ya kusikia kwa ulinganifu, katikati ya ukumbi, iache kwa mara ya pili. Fika dakika ishirini kabla, ukae kimya. Usitazame video ya onyesho hilohilo siku hiyo. Vinyweleo husimama hasa panapotokea badiliko: sauti za wengi zinapoingia ghafla, kimya kinapokatika, sauti inapopanda bila kutarajiwa. Ni misuli midogo kwenye mizizi ya nywele inayojikaza. Wako wasiosimkwa kamwe na wanaupenda muziki kuliko wewe, kwa hiyo usiugeuze mkono wako kuwa mizani ya onyesho.

Picha, na vingine vinavyoharibu

Mwaka 2014 mwanasaikolojia Linda Henkel alichapisha utafiti wa wageni wa makumbusho: vitu walivyovipiga picha vikiwa vizima walivikumbuka vibaya kuliko vile walivyovitazama tu, lakini walipovuta kamera kwenye sehemu moja ya kitu, kumbukumbu haikupungua. Basi tazama kwanza dakika kumi, kisha piga picha moja, ya kipande kimoja.

Hofu halisi nayo hula kicho. Radi ni tamasha kubwa ukiwa ndani ya nyumba. Hesabu kutoka mmweko hadi ngurumo. Ikiwa chini ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita kumi na hupaswi kuwa nje. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Na kuna kicho cha kupikwa. Jukwaa refu, taa zinazozimwa kisha kuwaka mahali pamoja, kucheleweshwa kwa makusudi, umati unaoimba wimbo mmoja kwa saa nzima: hizo ni zana, na zinafanya kazi kwa mwanasiasa na tapeli wa kiroho kama zinavyofanya kwa msanii. Usipoteze muda kujiuliza kama ulichohisi kilikuwa cha kweli, maana mwili haudanganyi kuhusu hilo. Uliza kipimo. Ondoa taa, muziki na umati. Mtu huyu amefanya nini ambacho ungekipima kwa mikono yako, kama zile mara 4,380? Subiri siku tatu kabla ya kumpa saini au fedha.

Kama hakuna kilichokuja

Asiye na safari wala tikiti atenge dakika 15 za kutembea kila wiki, akipita njia asiyoizoea na kutafuta kwa makusudi kitu kinachomzidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulifuata wazee 52 kwa wiki nane. Katika picha walizojipiga, waliopewa maelekezo hayo walianza, bila kuambiwa, kuonekana wadogo huku mandhari ikiwa pana.

Ukishafanya yote na moyo bado ni mkavu, kagua kwa mpangilio huu. Je, ulipima kabla ya kwenda, au ulisoma tu? Ulikaa dakika ngapi bila kusema? Aliye karibu nawe alikuwa akieleza? Mwongozaji hodari ni neema, ila mwombe anyamaze robo saa ya kwanza. Mwisho angalia mambo ya chini kabisa: njaa, baridi, kiatu kinachobana, kibofu. Mwili unaolalamika haupimi kitu kingine isipokuwa wenyewe. Shughulikia hilo, rudi siku nyingine, keti mahali palepale.